Kuazima Wahenga wa Watu Wengine

Mzungumzaji wa Kiswahili anayetaka hoja yake ipite bila ubishi mwingi huitanguliza kwa maneno mawili: wahenga walisema. Hakuna anayeuliza ni mhenga yupi, aliishi wapi, wala alisema lini. Hoja ikishaletwa na wahenga, anayeipinga huonekana anabishana na babu yake mwenyewe. Warusi nao wana desturi hiyo, na Waingereza vilevile. Kila lugha ina wazee wake wasio na majina ambao husimama nyuma ya msemaji na kumtilia nguvu.

Sasa tuseme Mrusi anazungumza na Mwingereza kupitia mkalimani, na katikati ya maneno yake anatoa methali. Mkalimani anakumbuka kwamba Kiingereza nacho kina methali inayokaribiana na hiyo. Je, ana haki ya kuitoa ya Kiingereza na kuiacha ya Kirusi? Katika madarasa ya tafsiri jibu la kawaida ni ndiyo, tena mwanafunzi husifiwa kwa kupata kisawe kizuri. Mimi naona kwamba mara nyingi jibu ni hapana, na sababu yangu inahusu uadilifu kuliko lugha.

Nasoma Kiswahili na tafsiri hapa Uganda. Kirusi nimejifunza jioni kwa miaka mitatu, kwa mzee mmoja aliyesomea Moscow enzi za Umoja wa Kisovieti. Msomaji aelewe tu kwamba methali zote nitakazozitaja nazipitisha katika lugha ya tatu, hii tunayoandikia, kwa hiyo jambo ninalolijadili nitakuwa nalitenda papo hapo. Nimezitoa karibu na neno kwa neno, hata pale zinapokwaruza sikio.

Kwanza niondoe yasiyo na ugomvi. Mrusi husema kwamba mtu haendi Tula na samova yake. Tula ni mji ulio kusini mwa Moscow, uliosifika kwa kutengeneza samova, yaani vile vyombo vikubwa vya kuchemshia maji ya chai. Mwingereza, kwa wazo hilohilo, husema ni kupeleka makaa Newcastle, mji wa kaskazini uliokuwa ukisafirisha makaa ya mawe. Mkalimani akibadilisha Tula kwa Newcastle, simwoni aliyedhulumiwa. Vivyo hivyo Mrusi husema Moscow haikujengwa mara moja, na Mwingereza husema hivyo kuhusu Roma. (Sisi tuliosoma shule za Afrika Mashariki tulipewa Roma ya Waingereza, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kusema Mombasa haikujengwa kwa siku moja, ingawa ni kweli pia.)

Nahau nazo zina sheria yake. Mwezi Julai 1959, katika maonyesho ya Kimarekani yaliyofanyika bustani ya Sokolniki mjini Moscow, Nikita Khrushchev alimwambia Richard Nixon, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, kwamba atawaonyesha Wamarekani mama yake Kuzma. Kwa Mrusi huo ni msemo wa kumtishia mtu: utanitambua, utakiona cha mtema kuni. Inasimuliwa kwamba msemo huo ulipotolewa neno kwa neno, Wamarekani walibaki wakijiuliza huyo mama ni nani, au ni silaha gani mpya. Hapa ung'ang'anizi wa neno kwa neno haumsaidii yeyote. Lakini angalia ni kwa nini. Hakuna awezaye kuuliza kama mama yake Kuzma ni kweli au si kweli. Nahau haidai chochote kuhusu maisha. Ni namna ya kusema tu. Ukibadilisha namna ya kusema na kubakiza kilichosemwa, umefanya kazi yako.

Methali ni kitu kingine. Methali inadai. Inasema dunia iko hivi, watu wako hivi, kwa hiyo fanya hivi. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa, na anaweza kuishi maisha yake yote kwa kuifuata. Ukiondoa methali moja na kuweka nyingine, umeondoa dai moja na kuweka dai lingine, hata kama yanaelekea upande mmoja.

Chukua ile inayofahamika sana: tishe yedesh, dalshe budesh. Ukienda taratibu zaidi, utafika mbali zaidi. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, kwa sababu nyumbani kwetu bibi husema akwata mpola atuuka wala, na ni jambo lilelile karibu kwa kila neno: anayekwenda polepole hufika mbali. Waganda na Warusi hawakukutana kuafikiana. Kiingereza, kwa upande wake, husema kwamba wa polepole asiyeyumba ndiye hushinda mbio. Wafasiri wengi huiweka hiyo mahali pa ile ya Kirusi, na hakuna anayelalamika. Lakini mbio zimetoka wapi? Mrusi alikuwa na safari, njia ndefu, na mtu mmoja anayesafiri. Hakukuwa na mshindani, hakukuwa na wa kushindwa. Mwingereza amemletea uwanja, watazamaji na tuzo. Upole uliokuwa namna ya kusafiri umekuwa mbinu ya kumshinda jirani. Warusi wenyewe, kwa mzaha, huiongezea mkia methali yao: utakuwa mbali zaidi na kule uendako. Mzaha huo unafaa penye safari tu. Ukishaleta mbio umeua hata utani.

Hilo ni dogo, na mtu akiniambia nakuza mambo nitanyamaza. Jingine halivumiliki kirahisi. Mrusi husema: shati lako mwenyewe ndilo lililo karibu zaidi na mwili. Ni maneno ya mtu anayeulizwa kwa nini hakumsaidia mwenzake, akajibu kwamba kila mtu hujali kwanza cha kwake. Hakuna kujipamba ndani yake. Anayeisema anajua, na anayesikia anajua, kwamba hiyo ni choyo iliyokiriwa waziwazi, kwa kuinua mabega. Kisawe kinachopendekezwa mara nyingi kwa Kiingereza ni kile kisemacho kwamba ukarimu huanzia nyumbani. Tazama kilichotendeka. Mtu aliyesema "mimi ni mchoyo kama wengine wote" sasa anasikika akisema "mimi ni mkarimu, ila nimeanza na watoto wangu". Mrusi amekiri, na Mwingereza amesikia mtu akijisifu. Na Mwingereza huyo ataitikia kwa kichwa, kwa sababu methali hiyo ameisikia tangu utotoni, na waliomwambia walikuwa watu aliowapenda.

Hapo ndipo ninapoliona kosa lilipo. Methali haibebi maana peke yake. Inabeba pia idhini ya wazee wa yule anayeisikia. Mkalimani anapompa msikilizaji methali ya kwao, anamwazima msemaji wahenga wasio wake. Msemaji hakuwaomba, na hata hajui kwamba wamesimama nyuma yake. Msikilizaji naye hajui kwamba wameazimwa. Anadhani mgeni huyu wa mbali, kwa bahati nzuri, anaamini kama yeye.

Mwalimu wangu wa Kirusi hakubaliani nami hata kidogo. "Mwanangu," aliniambia, "mkalimani ni daraja. Uliona wapi daraja likiwauliza wapitaji wanakwenda wapi?" Nilimjibu, "Mzee, daraja likikufikisha kijiji kingine na wewe ukidhani umefika ulikokuwa ukienda, utalishukuru?" Akacheka, akasema nimekuwa mbishi kama wanafunzi wa Leningrad. Lakini hoja yake ina uzito na sitaki kuipita. Anasema kazi ya methali katika mazungumzo ni kulainisha. Msemaji anataka msikilizaji ajisikie nyumbani. Ukimpa msikilizaji shati na mwili, ataanza kufikiria shati, na mazungumzo yatakwama. Kwa maoni yake, uaminifu kwa maneno ni usaliti kwa nia.

Ni kweli kwamba neno kwa neno huweza kuchekesha, na wapinzani wake wana hadithi wanayoipenda kuliko zote. Januari 1954, mjini New York, Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha hadharani mashine iliyotafsiri sentensi za Kirusi kwa Kiingereza, ikiwa na maneno 250 tu na kanuni 6 za sarufi. Baada ya hapo ikaenea hadithi ya mashine iliyopewa ule msemo wa Injili kuhusu roho iliyo tayari na mwili ulio dhaifu, ikaupeleka Kirusi na kuurudisha Kiingereza, ukatoka kwamba vodka ni nzuri lakini nyama imeoza. Ni ngano, hakuna mashine iliyothibitishwa kufanya hivyo. Lakini inasimuliwa mpaka leo katika madarasa ya lugha kama onyo, na mimi naiona inaonya kinyume. Vodka na nyama ni kosa linalojitangaza. Yeyote anayelisikia anajua kwamba kuna kitu kimeharibika, na atauliza. Ukarimu unaoanzia nyumbani haujitangazi. Unateleza sikioni kama maji, na hakuna atakayeuliza.

Ili nisionekane napinga kila kuazima, nitaje kuazima kumoja ninakokuheshimu. Tarehe 8 Desemba 1987, katika Ikulu ya Marekani, Ronald Reagan na Mikhail Gorbachev walitia saini mkataba wa kuondoa makombora ya nyuklia yanayorushwa kutoka nchi kavu, yenye masafa kati ya kilomita 500 na 5,500. Mwandishi Suzanne Massie, Mmarekani aliyeijua sana Urusi, alikuwa amemfundisha Reagan msemo wa Kirusi: doveryai, no proveryai. Amini, lakini hakikisha. Siku hiyo Reagan aliusema kwa Kirusi, kisha kwa Kiingereza. Gorbachev akamwambia kwamba anaurudia katika kila mkutano. Ukumbi ukacheka, na Reagan akajibu kwamba anaupenda.

Kwa sikio la Mrusi maneno hayo mawili ni ndugu. Yote yamejengwa juu ya mzizi mmoja unaohusu imani, na yana mwisho mmoja, kiasi kwamba kuhakikisha kunasikika kama mtoto wa kuamini. Kwa Kiingereza, na hata kwa Kiswahili nilichokiandika hapo juu, undugu huo hauonekani. "Lakini" inakaa katikati kama ukuta, na wengi waliousikia walielewa kwamba maana yake ni usiamini. Hivyo kitu kilipotea. Lakini hakuna aliyedanganywa. Reagan hakujifanya kwamba wahenga hao ni wake. Alitangaza kwamba ni wa Kirusi, akawatamka kwa lugha yao, mbele ya mtu ambaye ni wahenga wake na ambaye angeweza kupinga. Naye alipinga, kwa utani. Mkataba wenyewe uliruhusu wakaguzi wa kila upande kuingia katika nchi ya upande wa pili, na kufikia katikati ya 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa. Sidai kwamba methali ndiyo iliyoyaharibu. Nadai kwamba pande zote mbili zilijua ni methali gani iliyokuwa mezani, na kwamba mkalimani anapobadilisha kimyakimya huwa ameziondolea pande zote mbili ujuzi huo.

Sasa tufike mahali ambapo jambo hili linaumiza. Kirusi kina msemo wa maneno matatu: byot, znachit lyubit. Anapiga, maana yake anapenda. Unasemwa kuhusu mume na mke. Februari 2017 Urusi ilibadilisha sheria, ikawa kwamba kumpiga mtu wa familia kwa mara ya kwanza, bila kumdhuru afya, si jinai tena bali kosa dogo linaloadhibiwa kwa faini ya rubo 5,000 hadi 30,000, au kifungo cha siku 10 hadi 15, au kazi ya lazima. Katika mjadala wa wakati ule msemo huo ulitajwa sana, hasa na waliopinga mabadiliko hayo, kama alama ya fikra waliyokuwa wakipigana nayo.

Nitatoa mfano wa kubuni. Mwanamke wa Kirusi yuko London mbele ya afisa, anaeleza kwa nini alimkimbia mumewe na kwa nini hakwenda polisi kwao. Anasema: mama yangu aliniambia byot, znachit lyubit. Mkalimani ana sekunde mbili. Kichwani mwake unamjia msemo wa Kiingereza usemao kwamba wakati mwingine inabidi uwe mkali ili uwe mwema. Unalainika vizuri, unakaribiana, afisa ataelewa mara moja. Akiutumia, mume amegeuka kuwa kama daktari anayechoma sindano kwa faida ya mgonjwa. Mama amekuwa mzazi mwenye busara. Na mwanamke aliyetaka kusema "nililelewa katika maneno haya, na kila mtu niliyemwendea aliyajua kabla sijafungua mdomo" amebaki akisema kwamba mama yake alimshauri awe mvumilivu. Ushahidi wake ulikuwa ndani ya methali. Mkalimani ameufuta kwa ustadi, na ustadi huo ndio alioufundishwa.

Kwa hiyo naona wajibu wa mkalimani pale si mgumu kuutaja. Aseme: hapa ametumia msemo wa kwao, na kwa neno kwa neno unasema hivi. Wakalimani wanaofanya kazi ndani ya vibanda vya mikutano watanicheka, kwa kuwa wao hawana hata hizo sekunde mbili, na msemaji wao hasubiri. Sawa. Mkutano wa biashara ya samaki unaweza kuvumilia makaa ya Newcastle. Ninachokataa ni kuichukua kanuni ya kibanda, iliyozaliwa kwa haraka, na kuifanya kanuni ya mahakama, ya hospitali na ya ofisi ya wakimbizi, ambako muda upo na ambako maisha ya mtu yanategemea ni nani hasa aliyesema nini.

Kuna pingamizi moja linalonisumbua kuliko la kibanda. Rafiki yangu darasani, msichana anayesoma Kifaransa, aliniambia kwamba nikizitoa methali za aina hiyo neno kwa neno ninawavua Warusi nguo mbele ya Waingereza. Afisa atasikia na kusema moyoni: kumbe hivyo ndivyo Warusi walivyo. Hatakumbuka kwamba Kiingereza chenyewe kina methali ya zamani inayomweka mwanamke, mbwa na mti wa jozi katika kundi moja, kwamba kadiri unavyowapiga ndivyo wanavyozidi kuwa wazuri. Waingereza wameiacha ife kimya, na sasa wanazisoma za wengine kana kwamba wao hawakuwahi kuwa nayo.

Jibu langu la kwanza ni kwamba methali si kura ya taifa. Vladimir Dal alikusanya methali za Kirusi zaidi ya 30,000. Wakaguzi wa zama zake waliona baadhi zingeharibu maadili na imani ya watu, kitabu kikacheleweshwa kwa miaka, kikatoka 1862. Yeyote anayekifungua ataona methali zikigombana ukurasa hadi ukurasa: moja inasifu kazi, nyingine inasema kazi si mbwa mwitu, haitakimbilia msituni. Anayetaka kujua Warusi walivyo kwa methali moja amekosea kabla hata tafsiri haijaanza. Na kosa hilo la msikilizaji haliwezi kuwa sababu ya kumziba mdomo mwanamke aliyeko mbele ya afisa.

Lakini jibu hilo halifiki kila mahali. Warusi husema pia kwamba mgeni asiyealikwa ni mbaya kuliko Mtatari. Ni kumbukumbu ya zama za utawala wa Wamongolia, na Watatari leo ndio kabila la pili kwa ukubwa ndani ya Urusi, raia kama wengine, wenye jamhuri yao na mji mkuu wao Kazan. Mfasiri wa riwaya anayekuta maneno hayo mdomoni mwa mhusika mpole, bibi anayepika chai na kulalamikia jirani, anaweza kuandika tu kwamba mgeni wa ghafla ni mzigo. Msomaji wa Kiingereza atampenda bibi huyo. Msomaji wa Kirusi alimpenda pia, lakini alisikia neno lile na akajua ni nyumba ya aina gani. Nikilibakiza, tusi litasafiri kwa miguu yangu mpaka lugha ambayo halikuwamo, na Mtatari anayesoma Kiingereza atalikuta limemtangulia. Nikiliondoa, bibi amesafishwa na mtu ambaye hakumwomba amsafishe. Mara mbili nimetafsiri ukurasa wa namna hiyo kwa ajili ya zoezi, na mara zote mbili Mtatari nimemwacha mahali pake. Rafiki yangu wa Kifaransa aliusoma wa pili, akaniuliza kama ningemwacha pia endapo pale pangeandikwa Mganda.